UZI: Kazi ya kwanza kwenye sheria ya meli na bandari hapa Mombasa, mlango uko wapi?

KijanaWaKisauni
Assalaam aleikum wakuu. Swali kwa mawakili na watu wa bandarini. Mtu ana LLB, mitihani ya Shule ya Sheria pale Karen kashamaliza, sasa anatafuta nafasi ya uanagenzi ya miezi 6, au hata kazi ya chini kabisa ya ofisini. Anataka sheria ya meli, si mashamba wala talaka. Matangazo ya kazi hizi hayaonekani popote. Huwekwa wapi? Na ni kweli bila shahada ya pili ya ng'ambo hakuna atakayekutazama?

Wakili_Mbaraki
Waaleikum salaam. Kabla ya kutuma barua hata moja, jua unaomba nini. Barua nyingi zinazoletwa hapa mjini husema "napenda sheria ya bahari", kisha zinaeleza kesi ya mpaka kati ya Kenya na Somalia iliyoamuliwa The Hague Oktoba 2021. Hiyo ni kazi ya mataifa. Ofisi ya Mombasa inakula kwa mambo mengine: mchele uliolowa ndani ya kontena, mabaharia wasiolipwa mishahara, meli iliyogonga gati, muuza mafuta anayedai pesa zake, mwagizaji aliyetozwa ushuru asiokubaliana nao. Barua ikitaja mipaka ya bahari, wakili mwenye ofisi anajua hapo hapo kwamba mwandishi hajui kazi ilivyo.

Kuhusu matangazo: kwa mawakili wa kujitegemea usiyasubiri. Ofisi zinazofanya meli kwa dhati hapa ni chache na ni ndogo. Ikihitajika nafasi, mwenye ofisi anamuuliza karani wake, sabeya (mkaguzi wa meli na mizigo) anayemwamini, au wakala wa meli. Kwa hiyo jina lako lifike kwa hao watatu, si kwa wakili peke yake.

Nenda mwenyewe na barua mkononi. Usiende asubuhi, watu wako kortini kuanzia saa tatu. Saa nane na nusu mchana ndiyo saa yake. Barua ukurasa mmoja, CV kurasa mbili, na karatasi moja zaidi ambayo wengine hawaleti: muhtasari wa uamuzi mmoja wa admiralti (kesi za meli) wa Mahakama Kuu ya Mombasa, ulioutoa kwenye tovuti ya Kenya Law. Mambo yalivyokuwa, mahakama iliulizwa nini, ilijibu nini, na sentensi mbili za maoni yako. Karatasi hiyo inasomwa kabla ya CV.

Ukikosa pa kuanzia, anza na "Lillian S" ya Mahakama ya Rufani, 1989. Kila wakili Kenya anainukuu akibishana kuhusu mamlaka ya mahakama, kwamba bila mamlaka mahakama haiwezi kupiga hatua hata moja zaidi. Waulize kumi ilihusu nini, utashangaa ni wangapi watakaokwambia ilikuwa meli iliyokamatwa Mombasa kwa ugomvi wa mafuta na Caltex. Mtu anayeijua kutoka upande wa meli anaonekana mara moja.

Jambo la mwisho. Hakikisha atakayekusimamia ana miaka isiyopungua 5 ya uwakili na cheti chake cha LSK (chama cha mawakili) cha mwaka huu kiko hai. Posho uliza siku ya kwanza, kabla ya kusaini. Ziko ofisi zisizolipa mwanagenzi hata nauli ya feri.

DadaWaForodha
Wakili kasema kweli, ila mawakili hudhani meli ni yao peke yao. Mdogo wangu, mlango mpana zaidi Mombasa ni forodha. Meli ikamatwe au isikamatwe, makontena yanashuka kila siku, na kila siku kuna mtu anabishana na KRA juu ya thamani ya mzigo, aina yake kwenye kitabu cha ushuru, au gari kuambiwa limezidi umri.

Anayeajiriwa hapa ni mtu mwenye tarehe kichwani. Chini ya Sheria ya Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004, uamuzi usiokuridhisha unaombewa mapitio kwa Kamishna ndani ya siku 30, kifungu cha 229. Kamishna naye ana siku 30 za kujibu. Ukikataliwa unakwenda mahakama ya rufaa za kodi. Kifungu cha 230 kinakupa siku 45, lakini Sheria ya Kenya ya Mahakama ya Rufaa za Kodi ya 2013 inataka notisi ndani ya siku 30, halafu nyaraka za rufaa ndani ya siku 14 baada ya notisi. Wewe hesabu 30. Ukifika siku ya 40 na hoja kwamba sheria ya Jumuiya inakupa 45, huenda ukashinda, lakini mteja wako atakuwa amelipia mabishano ya tarehe badala ya mabishano ya ushuru.

Mali ikishikwa, mwenyewe ana mwezi mmoja kuidai kwa maandishi. Mwezi ukipita bila barua, mali inahesabika imetaifishwa. Na mzigo usiotolewa ndani ya siku 21 unaingia kwenye ghala la forodha, siku 30 baadaye unatangazwa, na usipotolewa ndani ya siku 30 za tangazo unaweza kunadiwa. Muda wote huo gharama za kuhifadhi zinakimbia, na mwenye kontena anadai zake za kuchelewesha kontena.

Kampuni kubwa za klieringi, hizi za kutoa mizigo forodhani, zinahitaji mtu wa kuandika hizo barua. Wengi wao hawana mwanasheria ndani, wana meneja anayenakili barua ya mwaka juzi na kubadilisha jina. Ukienda na cheti cha EACFFPC, kile cha mawakala wa forodha wa Afrika Mashariki (KESRA, chuo cha KRA, hufundisha, na wana kampasi hapa hapa), unaongea lugha yao. Kwa kazi ya kwanza naona cheti hicho kina faida kuliko shahada ya pili.

MsomiWaTudor
Dada, angalizo moja. Kazi ya klieringi si uanagenzi. Muda huo hauhesabiwi, na asiyeapishwa hawezi kujifanya wakili, kifungu cha 31 cha Sheria ya Mawakili kiko wazi. Asije akasaini barua kwa cheo asicho nacho.

DadaWaForodha
Sawa kabisa. Asaini kama afisa wa kampuni, basi.

KijanaWaKisauni
Shukran sana. Na upande wa bima je? Nasikia kuna hizi klabu za P&I. Wana ofisi hapa?

SabeyaMstaafu
Hizo ni klabu za wenye meli kuwekeana bima ya dhima, na zenyewe ziko London, Oslo na miji kama hiyo. Kundi lao la kimataifa lina klabu 12, na zinabeba dhima ya karibu asilimia 90 ya tani za meli za biashara duniani. Mombasa wana wawakilishi tu. Meli yenye bima hiyo ikipata taabu bandarini, nahodha anampigia mwakilishi, na mwakilishi anamtafuta sabeya na wakili. Ofisi za wawakilishi ni za watu wachache, lakini huhitaji kijana wa kushika simu usiku, kupanda melini na kuandika ripoti isiyo na porojo. Ukitaka kujifunza haraka hapana pahali pazuri zaidi.

Bima ya mizigo ni upande wa pili wa meza. Tangu Januari 2017 mizigo inayoingia Kenya inatakiwa iwe na bima ya kampuni za humu nchini. Kampuni ikishamlipa mwenye mali, inachukua nafasi yake na kumgeukia aliyeharibu: meli, bandari, bohari ya makontena au mwenye lori. Kumgeukia huko ni kazi ya kisheria, na faili ni nyingi. Kwa hiyo idara za madai za kampuni za bima ziandikie moja kwa moja. Andika "madai ya mizigo ya baharini na kurejesha fedha", usiandike "nafasi yoyote iliyopo".

Sasa niseme kitu ambacho mawakili hawakwambii. Utapewa faili ya kujaribiwa, na watatazama unaanza wapi. Vijana huanza na barua ya mteja. Anza na bili ya shehena (bill of lading), hati ya meli kukiri imepokea mzigo. Tazama imeandikwa kwa jina la mtu au "kwa amri". Tazama nakala halisi ni ngapi, kwa kawaida 3, na ziko wapi zote. Tazama kama imesema mzigo umepakiwa melini au umepokelewa tu, na kama kuna maneno ya kusema uzito na idadi ni kwa kauli ya mpakiaji. Kisha geuza nyuma usome maandishi madogo: sheria ya nchi gani, korti ya wapi. Mara nyingi ni London, na hapo nusu ya mpango wako wa kushtaki Mombasa umeshakufa.

Halafu nambari ya lakiri. Linganisha vitu vitatu: lakiri iliyoandikwa kwenye bili ya shehena, ile iliyo kwenye risiti ya makabidhiano kontena lilipotoka bandarini kwenda bohari, na ile iliyokatwa siku ya kufungua. Zikiwa sawa zote tatu na mali imepungua, elekeza macho kule kontena lilikopakiwa. Ikibadilika kati ya bandari na bohari, usipoteze pesa kumshtaki mwenye meli. Ikibadilika na hakuna aliyeandika lini, hapo una kesi ngumu, mwambie mteja mapema.

MsomiWaTudor
Na muda wa kushtaki? Kenya ilijiunga na Kanuni za Hamburg, mkataba wa kubeba mizigo kwa bahari, 1989, zikaanza kutumika 1992, na Katiba kifungu cha 2(6) inafanya mikataba tuliyoridhia kuwa sehemu ya sheria zetu. Hamburg inatoa miaka 2. Mbona ofisi nyingi bado zinahesabu mwaka mmoja?

Wakili_Mbaraki
Kwa sababu wanataka kulala usingizi. Sheria yetu ya kubeba mizigo kwa bahari, Sura ya 392, imebeba Kanuni za The Hague za 1924, na hizo zinasema mwaka mmoja tangu mzigo ulipokabidhiwa au ulipotakiwa kukabidhiwa. Tena sheria hiyo inazungumzia mizigo inayotoka bandari za Kenya. Ile inayoingia, tazama bili ya shehena imejifunga kwa kanuni zipi, na nyingi zimejifunga kwa The Hague au The Hague iliyorekebishwa, mwaka mmoja vile vile. Hoja yako ya Hamburg ni nzuri sana kwa siku ambayo mteja kaja amechelewa. Si ya kupangia diari.

Notisi ya uharibifu nayo ni hivyo hivyo. The Hague: unaoonekana kwa macho, wakati wa kupokea mzigo. Usioonekana, siku 3. Hamburg inatoa siku 15 kwa usioonekana. Andika ndani ya 3.

Na ukimgeukia KPA (mamlaka ya bandari) badala ya meli, kuna mtego mwingine: kifungu cha 66 cha sheria yao. Notisi ya maandishi mwezi mmoja kabla, na kesi ifunguliwe ndani ya miezi 12. Mwezi wa notisi unatoka ndani ya hiyo 12, kwa hiyo mteja anayekuja mwezi wa kumi na mbili amekuja na msiba. Kijana akija kwenye mahojiano akanieleza hili bila kuulizwa, simuulizi alama zake za chuo.

KijanaWaKisauni
Ninayaandika yote. Kukamata meli je? Mwanagenzi anaguswa na kazi hiyo au ni ya wakubwa tu?

Wakili_Mbaraki
Anaguswa sana, kwa sababu ni makaratasi mengi kwa saa chache, na mara nyingi Ijumaa jioni meli ikikaribia kung'oa nanga. Mamlaka yanatoka kifungu cha 4 cha Sheria ya Mahakama, Sura ya 8, kinachoipa Mahakama Kuu mamlaka ya admiralti kama ya Uingereza. (Kifungu hicho kinataja na maziwa, kwa hiyo watu wa Kisumu wasijione wako nje.) Basi unasoma pia vifungu vya 20 hadi 24 vya sheria ya Uingereza ya mahakama kuu zao ya 1981.

Kazi yako itakuwa kuandaa dai dhidi ya meli yenyewe, ombi la hati ya kukamata, hati ya kiapo, na ahadi ya kulipa gharama za Mashali wa Admiralti, ambaye hapa ni naibu msajili. Kabla ya hayo unakagua daftari la kaveti, kuona kama wenye meli wamekwisha weka ahadi ya dhamana. Hati ikitoka inabandikwa mlingotini au pahali panapoonekana kwenye jengo la juu la meli. Meli ikiwa nje nangani, Mashali anahitaji boti, na boti ni gharama ya mteja wako. Walinzi vile vile, na huenda chakula cha mabaharia baadaye. Mteja asiyeambiwa gharama hizi mapema hugombana na wakili wake kabla ya kugombana na mwenye meli.

Panapoharibika ni pawili. Kwanza utambulisho: andika nambari ya IMO (shirika la bahari la Umoja wa Mataifa), tarakimu 7, usitegemee jina, meli hubadilisha majina kama kanga. Pili umiliki: kwa madai mengi, aliye na deni awe alikuwa mmiliki, mkodishaji au mwenye kuidhibiti meli siku deni lilipozaliwa, na siku unapofungua dai awe ndiye mmiliki halisi, au amekodi meli nzima bila mabaharia. Meli ikiwa imeuzwa wiki iliyopita kwa mwingine, umekamata mali ya mtu asiyekudai wala humdai. Isipokuwa madai machache yanayoifuata meli popote, kama mishahara ya mabaharia. Jifunze kutumia Equasis, tovuti ya taarifa za meli, ni bure, ujisajili tu, kisha uthibitishe na rejista yenyewe.

Kwa kawaida meli haikai. Klabu ya P&I inatoa barua ya ahadi, au benki inatoa dhamana, na meli inaondoka. Mwanagenzi anayeweza kusoma barua hiyo na kuona kwamba imetaja kiasi bila riba na gharama, huyo habandukwi ofisini.

BintiMajengo
Naongeza upande wa mabaharia, haujatajwa na una kazi. Vijana wengi wa Pwani wanaenda kwenye meli za kitalii. Kampuni zinazowapeleka lazima ziwe na leseni ya KMA (mamlaka ya usafiri wa baharini), na Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa 2006 unakataza kumtoza baharia ada ya kumtafutia kazi. Anachoweza kulipia mwenyewe ni cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti. Viza ni ya mwenye meli. Kampuni hizi zinahitaji mtu wa kupitia mikataba na kuweka faili sawa ukaguzi unapokuja, na upande wa pili mabaharia wanahitaji mtu wa kudai mishahara yao. Pesa si nyingi mwanzoni, lakini unagusa sheria ya meli halisi.

KijanaWaKisauni
Na serikalini? KMA, KPA?

MsomiWaTudor
Huko ndiko kwenye matangazo. Tovuti zao wenyewe, na jarida la MyGov linalotoka Jumanne. Usisubiri tangazo ndiyo uanze kutafuta vyeti. Kuwa navyo vitano mkononi: cheti cha mwenendo mwema cha DCI (upelelezi), cha kodi cha KRA, cha HELB (mikopo ya elimu ya juu), cha EACC (kupambana na rushwa) na cha CRB (taarifa za madeni). HELB ndiyo huchelewesha wengi, kwa sababu deni lisilolipwa hata shilingi moja linahitaji mpango wa malipo kwanza. Uanagenzi wa taasisi huombwa kando na ajira, kwa hiyo usitume barua moja kwa yote mawili.

Halafu mji wetu una mashirika ya kikanda ambayo watu wanapita nje ya mageti yake bila kuyajua: ISCOS ya masuala ya meli, mamlaka ya Ukanda wa Kaskazini (njia ya mizigo kwenda nchi jirani) kule Nyali, na PMAESA ya bandari. Nafasi ni haba, lakini utafiti wa kisheria unafanyika mle.

Shahada ya pili: iko IMLI ya Malta, taasisi ya sheria ya bahari chini ya IMO, tangu 1988, na iko WMU, chuo kikuu cha bahari cha Malmö. Zote zina ufadhili. Maoni yangu, nenda baada ya miaka miwili ya kazi, ukiwa na taasisi nyuma yako. Kabla ya hapo utarudi na cheti kizuri na kutojua sabeya yeyote.

SabeyaMstaafu
Kijana, chukua hesabu hii, huulizwa kwenye mahojiano. Mkataba wa kukodi meli ni GENCON 1994. Klinka (malighafi ya saruji) tani 12,000, kupakua tani 3,000 kwa siku, siku za hali ya hewa njema. Notisi ya utayari imetolewa Jumatatu saa nne asubuhi. Jumatano mvua ilisimamisha kazi kwa muda wa saa 6. Jumamosi asubuhi ikasimamisha tena kwa muda wa saa 2. Meli imemaliza Jumamosi saa saba mchana. Dimareji, yaani malipo ya kuichelewesha meli, ni dola 10,000 kwa siku. Analipwa nani, kiasi gani?

Makaratasi ya meli yatakuandikia saa kwa mtindo wa 24, 13:00 ndiyo saa saba mchana. Watu hupotea hapo.

KijanaWaKisauni
Notisi imekuja kabla ya saa sita mchana, kwa hiyo muda unaanza saa saba mchana Jumatatu. Siku 4 zinaishia Ijumaa saa saba mchana. Naongeza mvua ya Jumatano, inakuwa Ijumaa saa moja usiku. Hadi Jumamosi saa saba mchana ni saa 18, natoa mvua ya saa 2, zinabaki 16. Mwenye meli analipwa dola 6,666.67.

SabeyaMstaafu
Umeanza vizuri, mwisho umeteleza. Mvua ya Jumamosi haitolewi. Muda wa bure ukishakwisha na dimareji kuanza, inaendelea kukimbia mvua ije, jua liwake, ila mkataba useme vingine waziwazi. Ni saa 18, robo tatu ya siku, dola 7,500. Na ungekuta notisi imetolewa saa nane mchana, ungeanza kuhesabu saa kumi na mbili asubuhi ya siku ya kazi inayofuata. Rudia kwa hiyo.

KijanaWaKisauni
Inaanza Jumanne saa kumi na mbili asubuhi, inaisha Jumamosi saa hiyo hiyo, na nikiongeza mvua ya Jumatano inakuwa Jumamosi saa sita mchana. Mvua ya Jumamosi, kama imenyesha kabla ya saa sita, sasa nayo inahesabiwa kwa sababu muda bado haujaisha: saa nane mchana. Meli imemaliza saa saba. Hakuna dimareji.

SabeyaMstaafu
Sawasawa. Tena imeokoa saa moja, kwa hiyo fungua mkataba utafute kama kuna kifungu cha zawadi ya kumaliza mapema. GENCON ya kawaida haina, usiidai kwa mazoea.